Seli Tisa kwenye Kioo

3 Machi

Nimepewa chumba cha peke yangu mwisho wa wodi. Kina kitanda kimoja, dirisha lisilofunguka na kabati lisilo na mshikio. Mwanangu ameninunulia daftari hili, akasema niandike ili nisiwasumbue watu. Ananijua. Nitaandika, na kusumbua nitasumbua vilevile.

Kwa atakayelisoma: nimefanya kazi kwenye maabara ya hospitali hii hii miaka thelathini na mmoja, kazi yangu kuhesabu seli za damu. Mwezi uliopita nilianza kuchoka kupanda ngazi, nikajitoboa kidole, nikapaka damu kwenye kioo na kukiweka chini ya hadubini. Nikaiona saratani yangu kabla daktari yeyote hajaiona. Sikulia. Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa.

5 Machi

Wamenichana kidogo chini ya mtulinga wakaingiza mpira mwembamba unaokwenda mpaka kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Dawa zitapita hapo, na damu ya kupima itatolewa hapo hapo, kwa sababu mishipa ya mikono yangu imejificha.

Daktari wangu ni kijana, na viatu vyake vinalia kila akipiga hatua. Nimembatiza Daktari wa Viatu. Alinieleza taratibu, kama anayeongea na mtoto wa chekechea, kwamba dawa itaua seli mbaya lakini itafyeka na nzuri, hivyo kwa wiki kadhaa nitakuwa sina askari mwilini. Nikamwambia askari hao nawajua kwa sura, nilikuwa nawahesabu yeye hajazaliwa. Akacheka. Sikuwa natania.

Kwenye kona ya dari, juu ya dirisha, kuna doa jeusi la ukungu. Ukubwa wa kifungo cha koti.

6 Machi

Mvua. Dawa ya kwanza. Nimetapika mara nne.

9 Machi

Mvua. Lile doa sasa ni kisahani cha chai. Nimelipa jina la Mpangaji, maana amehamia bila kuniuliza na hana dalili ya kuondoka.

Nimemweleza sista wa wodi kwamba simchukii Mpangaji kwa sababu ya sura yake. Ukungu unarusha mbegu ndogo kuliko vumbi. Kila mtu anazivuta na hapati kitu, kwa sababu ndani ya mapafu kuna seli kubwa zinazopiga doria na kuzimeza kabla hazijaota. Mbegu zikiponyoka zikaota, mwili unatuma nyutrofili, zile seli nyeupe zilizo nyingi kuliko zote, zije kumaliza kazi. Sasa mimi nyutrofili zangu ndizo hizo zinafyekwa. Sista alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo nampa. Akasema mafundi wataletwa.

12 Machi

Mafundi hawajaja.

14 Machi

Dawa zimeisha, sasa ni kusubiri. Nywele nimezikuta kwenye mto. Seli nyeupe: mia tisa katika tone dogo la kipimo ambalo kwa mtu mzima mwenye afya lina elfu nne mpaka elfu kumi. Mpangaji: sahani ya kulia.

16 Machi

Leo nimegombana. Mfagizi aliletwa na ngazi na brashi kavu amkwangue Mpangaji huku mimi nimelala chini yake. Nikasimama mlangoni na dripu yangu mkononi, nikasema ukimkwangua mkavu mbegu zote zinashuka kifuani mwangu, labda mniue kwanza mkwangue baadaye. Yule mama wa watu akashuka na ngazi yake. Baadaye nikasikia kwenye korido wakiniita Mama Ukuta.

Mwanangu alikuja jioni, akakuta habari zimeshamfikia kabla hajavua hata mkoba wa vyombo vyake. Yeye ni fundi umeme, kazi yake ni kuingia kwenye nyumba za watu na kuwa mpole. Alisema anaona aibu. Nikamwambia aibu aniachie mimi, nina nafasi.

18 Machi

Mia mbili.

19 Machi

Mia mbili tena. Sina nguvu za kutembea hadi dirishani, lakini mkono unaandika.

Nataka niandike jinsi nyutrofili inavyopigana na kuvu, ukoo wa ukungu na hamira, nisije nikaanza kujihurumia. Haina macho. Inamtambua adui kwa kumpapasa, kwa sababu ganda la kuvu limejengwa kwa sukari ambayo mwili wetu hautengenezi. Ikiigusa sukari ile tu, imeshajua. Kama adui ni mdogo, wa duara, wa jamii ya hamira, inamkumbatia, inammeza mzima, na humo ndani inamwagia sumu. Lakini kuvu ina ujanja. Ikiona hatari inarefuka, inakuwa uzi, na uzi haumezeki. Hapo ndipo nyutrofili inapofanya jambo nililolisoma nikiwa na miaka ishirini na tatu na ambalo halijaacha kunishangaza. Inajipasua. Inatoa nyuzi zilizokuwa zimekunjwa ndani ya kiini chake, zile zenye maandishi yake yote ya urithi, inazitandaza nje na kuzifanya wavu wenye sumu, ule uzi unanaswa. Mara nyingi yenyewe inafia hapo.

Haiishi hata siku mbili kwenye damu, na bado inafanya hivyo. Basi nami siwezi kulala nikasubiri huruma ya mafundi.

22 Machi

Homa, 38.6. Wameanza antibiotiki mbili. Nimemwonyesha Daktari wa Viatu dari kwa kidole bila kusema neno. Mpangaji ameshuka kwenye ukuta, sasa ana upana wa sinia.

23 Machi

Picha ya kifua imetoka safi. Nimekasirika, ingawa najua nilitakiwa kushukuru.

25 Machi

Homa haikubali dawa. Leo nimetetemeka mara mbili mpaka kitanda kikagonga ukuta, asubuhi na mchana, kila mara kama nusu saa baada ya sista kuusafisha mpira.

Daktari alikuja akakaa kwenye kiti, kitu ambacho huwa hafanyi. Alisema anafikiria kuutoa ule mpira, huenda umeingia vijidudu. Nikakataa. Nikamwambia mpira ndio njia yangu ya dawa, mishipa sina, na chanzo kipo pale juu, kila mwenye macho anakiona, ahangaike nacho kwanza. Tulivutana robo saa. Mwishowe akasema tusubiri siku mbili tuone. Alipotoka viatu vyake vililia taratibu, nikajiona nimeshinda.

27 Machi

Habari njema. Chembe sahani zangu, zile zinazoziba damu isitoke, jana zilikuwa elfu kumi na moja. Leo mashine imesema elfu sitini na nne. Daktari aliingia karibu anakimbia. Alisema uboho wangu, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa, umeamka, mfuko wa chembe sahani niliokuwa niongezewe leo hauhitajiki, na suala la mpira ameliweka kando. Kama nitaendelea hivi, wiki ijayo nitalala nyumbani. Mwanangu alilia, akanishika miguu juu ya blanketi, mkono wake mmoja una ngozi iliyoungua na nyaya. Nami nilifurahi, kwa muda wa saa mbili hivi.

Kisha nikapiga mswaki, na sinki likawa jekundu.

28 Machi

Naandika kwa vipande. Sitaki kitu kipotee.

Fizi zangu zilitoka damu mpaka alfajiri, kidogo kidogo. Mtu mwenye chembe sahani elfu sitini na nne hatoki damu kwa mswaki laini. Nililala nikiikodolea macho dari, nikafanya nilichotakiwa kufanya jana kabla ya kufurahi. Nikauliza: uboho ukiamka, kwa nini seli nyeupe zimebaki mia mbili? Kwa nini chembe sahani zipande peke yake, mara sita, ndani ya siku moja, na mimi nina homa? Mashine haiangalii sura ya kitu. Inapima ukubwa tu. Chochote chenye ukubwa wa chembe sahani kikipita mlangoni kwake, inakiita chembe sahani.

Ni kitu gani kingine kina ukubwa ule? Nilikijua kabla sijamaliza kujiuliza.

Asubuhi nikamwomba daktari damu yangu iangaliwe kwa jicho. Akasema mashine ni nzuri, imekaguliwa juzi, na mimi nina kawaida ya kupata wasiwasi. Hakusema Mama Ukuta lakini nililisikia. Sista naye akaniambia nipumzike. Mwezi mzima nimepiga kelele kwa sababu ya ukuta, na siku nina jambo la kweli watu wamechoka kunisikiliza. Hilo sina wa kumlaumu.

Mwanangu alipofika saa nne nikamwambia ateremke maabara akamwite Miwani. Huyu ni mkuu wa maabara sasa, mwanafunzi wangu wa zamani, jina nilimpa mimi siku ya kwanza alipogonga lenzi ya hadubini na miwani yake. Mwanangu akauweka chini mkoba wa vyombo.

“Mama, kama ni vita nyingine, mimi leo siwezi.”

“Tazama sinki,” nikamwambia.

Akaenda, akatazama, akatoka bila kuaga.

Miwani alikuja amevaa barakoa, akanipa shikamoo kutoka mlangoni. Nikamweleza. Alibadilika rangi, lakini akasema kitu ambacho nakiandika kama alivyokisema.

“Mwalimu, tumekatazwa kupaka kioo bila oda ya daktari. Tangazo ni lako.”

Ni kweli. Zamani, maabara yetu ilikuwa na desturi moja: namba yoyote iliyopanda au kushuka mara mbili kwa siku moja haitoki mpaka watu wawili wameiona kwa macho yao na kutia sahihi. Ilikuwa inatuchelewesha. Mashine mpya ilipokuja, miaka saba iliyopita, watu walikuwa wachache na madaktari wanalalamika, nikaandika tangazo kwamba majibu ya mashine yatoke moja kwa moja isipokuwa daktari ameomba vingine. Nikalitia plastiki nikalibandika ukutani. Sahihi yangu ipo chini. Nilijisifu siku ile kwamba nimepunguza foleni.

Nikamwambia, “Basi aliyeliandika anakuambia ulivunje.”

Aliondoka, akarudi baada ya dakika ishirini akisukuma toroli la dawa, na juu yake ile hadubini ya zamani, ameifuta kwa spiriti mpaka inanuka chumba kizima. Pembeni kaweka kisanduku chetu cha kuhesabia, chenye vitufe, ambacho kengele yake hulia ikifika seli ya mia. Sikujua bado kipo. Alinitoboa kidole, akatoa na nyingine kwenye mpira, akapaka vioo viwili, akavitia rangi kwenye sinki lile lile nililotemea damu.

Akaanza kutazama kile cha mpira. Nilikuwa namwangalia bega. Miwani anapoona kitu kibaya bega la kulia hupanda. Nimelijua bega lile miaka kumi na nne. Likapanda.

“Mwalimu, njoo uone mwenyewe,” akasema kwa sauti ndogo.

Mwanangu akaniinua. Niliweka jicho na nikaziona, za zambarau, umbo la yai, nyingine zimechipuza kitoto ubavuni. Kuvu ya jamii ya hamira, inaogelea ndani ya damu yangu. Chembe sahani za kweli zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mpangaji wa kwenye dari alikuwa hana hatia ya hili. Aliyeniingilia alipita kwenye mpira, ule ule nilioukatalia usitolewe, na nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba natetemeka kila ukisafishwa. Nimehesabu damu za watu miaka thelathini na mmoja na yangu ikanipita.

Tukahamia kioo cha kidole. Nikasema nahesabu mimi. Kwa kawaida unahesabu seli nyeupe mia na unamaliza dakika tano. Nilipita kioo kizima, ukingo hadi ukingo, Miwani ananisogezea kwa sababu vidole vyangu vinatetemeka. Nilibonyeza mara tisa. Nyutrofili tisa, basi. Kengele haikukaribia kulia.

Lakini ya saba ilikuwa imevimba. Nikaongeza mwanga. Ndani yake kulikuwa na kuvu tatu, zimemezwa, moja imeshaanza kufifia. Ilikuwa imebaki na wenzake wachache kiasi hicho, uboho hauleti msaada, na ilikuwa kazini. Hapo nikalia, mara ya kwanza tangu niugue, na sikulia kwa huzuni. Niliionea fahari.

Mwanangu akauliza anaweza kuona. Akatazama, nikamwonyesha. Akamgeukia Miwani, akamwambia amwite daktari sasa hivi, na sauti aliyotumia sijawahi kumsikia nayo kwa wateja wake.

Daktari wa Viatu alitazama kwenye lenzi muda mrefu sana. Alipoinua kichwa hakujitetea.

“Mpira unatoka sasa hivi,” alisema. “Nilitakiwa kukusikiliza asubuhi.”

“Na mimi nilitakiwa kukusikiliza siku ulipotaka kuutoa,” nikamjibu.

Aliutoa kwa mkono wake mwenyewe, mara tu mfuko wa chembe sahani ulipomaliza kuingia mkononi. Kabla ya hapo sista alikuwa ametafuta mshipa mara sita mpaka akaupata, na hakulalamika. Dawa ya kuvu imeanza saa tisa na nusu. Daktari hajanidanganya. Kasema kwa mtu asiye na seli nyeupe, hii huua wengi. Nikamwambia ninazo tisa.

29 Machi

Homa 39.4. Siandiki.

31 Machi

Homa. Sista ananisomea namba bila kuombwa. Mia mbili. Mwanangu analala kwenye kiti na viatu vyake.

2 Aprili

38.1. Wameniangalia ndani ya macho kwa taa, maana kuvu ikiwa kwenye damu hupenda kujificha huko. Hakuna kitu. Sindano ya kuamsha uboho, siku ya nne. Mifupa inauma, na leo nimeyafurahia maumivu hayo.

4 Aprili

Hakuna homa.

6 Aprili

Mia nne. Miwani hakutuma karatasi, alipanda mwenyewe akasema ameziona kwa macho, yeye na mwenzake, na wote wametia sahihi. Sikumuuliza tangazo limefikia wapi. Niliogopa jibu.

7 Aprili

Nimekuwa nawaza kuhusu miaka saba. Namba ngapi zilipita zikimfurahisha mtu, na hakuna aliyeangalia? Daktari aliniambia jambo hili hutokea mara chache mno. Nikamwambia mara moja inatosha, na ya kwangu nimeiona kwa sababu nilikuwa mimi. Mwingine angepelekwa nyumbani na pongezi. Hakusema ninajitesa bure, na kwa hilo nimezidi kumpenda. Viatu vyake nimevizoea, nikivisikia naketi.

11 Aprili

Elfu moja na mia mbili. Mvua haijakatika. Mpangaji ana upana wa mlango. Tumetazamana.

17 Aprili

Elfu tatu na mia nane. Nimehamishiwa wodi ya kawaida. Walipokuwa wananisukuma kwenye kiti, tukapishana na wanaume wawili wenye ngazi, plastiki na ndoo ya rangi. Mafundi. Nikawauliza walikuwa wapi. Mmoja akasema oda wameipata leo, imeandikwa ya haraka. Sista alicheka mpaka akashikilia ukuta.

8 Mei

Uboho wangu ni safi. Si kwamba saratani imekwisha, dawa zipo nyingine mbele na mpira mwingine utaingia, lakini kwa leo hakuna seli mbaya hata moja. Nimeshuka maabara kwa miguu yangu, mwanangu nyuma yangu akijifanya hanishikilii.

Tangazo lilikuwa bado ukutani juu ya mashine, na sahihi yangu chini. Chini yake kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono: *majibu yote yaliyoruka yanaangaliwa na wawili*. Kumbe walikuwa wanafanya kazi kwa sheria mbili zinazopingana. Nikamuuliza Miwani kwa nini hakulitoa. Akasema alikuwa ananingoja mimi.

Nililibandua kona hadi kona. Gundi ilikuwa imekomaa, rangi ya ukuta ikatoka nalo. Sikutoa hotuba. Niliwaambia waliokuwepo kwamba nilikosea, na kwamba foleni ikirudi watu wanifokee mimi.

Kisha nikaomba kioo changu cha asubuhi. Nikakaa kwenye stuli yangu, kisanduku mkononi. Zilikuwa zimejaa, nyutrofili kila nilikogeuka, changa na kubwa, na nilibonyeza bila kukimbia. Ilipolia kengele, kila mtu mle ndani akaacha alichokuwa anafanya. Mwanangu akauliza ile ni nini.

“Mia,” nikamwambia.

Nilikuwa naondoka Miwani aliponiletea kioo kingine. Mgonjwa mpya, chumba cha peke yake mwisho wa wodi, chembe sahani zimepanda mara tatu tangu jana. Yeye ameshaangalia, anahitaji jicho la pili. Mwanangu akatazama saa, akavuta kiti, akaketi. Nikarudisha kisanduku kwenye sifuri, nikaweka kioo.